Kisu Kinachowekwa Chini

Nyumbani kwetu Kanyangi kisu hakikupita kutoka mkono hadi mkono. Ukiombwa kisu, unakiweka chini au juu ya kigoda, mwenzako anakiokota mwenyewe. Ukimpa mkononi mtakosana, ndivyo tulivyoambiwa, na hakuna aliyetaka kujaribu aone. Mimi na haraka zangu niliona ni kupotezeana wakati. Unamnyonyoa kuku, mikono imejaa manyoya, halafu unatakiwa uiname kutafuta kisu kwenye majani.

Lakini mbele ya baba sikubisha, maana yeye alikuwa na sababu. Alitueleza mara moja tu, tukivuna mbaazi. Akiwa kijana, barabara ya Mombasa ilipokuwa ikitiwa lami, alisikia kuna kazi kule Salama, kituo cha kando ya barabara hiyo, akaamua kwenda. Mama yake alikuwa ameketi akikwangua mkonge. Baba alimwomba kisu akate kamba ya kufungia mzigo wake, na mama yake, kwa vile alikuwa na hasira, akamsukumia kile kisu mkononi. Kabla jua halijapanda walikuwa wamerushiana maneno makali. Mama yake hakutaka mwanawe aache shamba. Baba aliondoka bila kuaga, na aliporudi alionyeshwa kaburi.

Baba alikuwa mtu wa kanisa. Hirizi na waganga aliwacheka waziwazi. Ila jambo hilo la kisu aliliamini hadi mwisho, na mchungaji mwenyewe aliacha kumuuliza. Mimi ndimi binti yake wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la huyo mama yake, na kama ilivyo desturi yetu aliniita mwaitu, yaani mama yangu. Aliniita hivyo hata akinigombeza. Ukiwa mtoto unaitwa mama na mtu mzima mwenye ndevu, unakua ukijiona mkubwa, na nadhani ndipo kiburi changu kilipoanzia.

Kutoka Salama alirudi na kisu chake mwenyewe. Kilifuliwa na mhunzi wa huko kutokana na springi ya lori iliyovunjika kando ya barabara. Hakikuwa kirefu, kilizidi kiganja chake kidogo tu. Mgongo ulikuwa mnene, makali membamba, na mkia wa chuma ulichomwa moto ukaingizwa ndani ya mpini wa mpingo mpaka karibu na mwisho. Mpini haukupakwa rangi wala vanishi. Alisema vitu vya kung'aa huteleza mkono ukiwa na damu au jasho.

Kwa visu hakuwa mtu wa kupendeza kutembea naye sokoni. Tukienda Kikima kumsalimia dada yake aliyeolewa upande ule, alisimama kwenye kila meza yenye visu. Alivigonga kwa ukucha akisikiliza, akavipinda kidogo, akachungulia mahali chuma kinapoingia kwenye mpini, kisha akavirudisha mezani kwa heshima bila kununua. Visu vya kukunja hakuvitaka kabisa. Alisema kitu chenye kiungo kina mahali pa kukusaliti. Visu virefu alisema ni vya wanaume wanaotaka kuonekana. Mimi nilisimama mbali nikijifanya natazama vitambaa.

Chake alikivaa kiunoni upande wa kushoto, nyuma kidogo ya nyonga, ndani ya ala ya ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa mara mbili kwenye ncha. Kikikaa mbele, alisema, kitakuchoma ukiinama, na kikikaa nyuma kabisa utakiangukia. Kilikata matawi ya kulisha mbuzi wakati wa kiangazi, kikachonga mipini ya majembe, kikatoa miiba kwenye kwato, kikakwangua mkonge. Jumapili kilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jioni alikinoa kwa jiwe la mtoni lililolowa maji, taratibu, akigeuza upande kwa upande, kisha akakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Kikiteleza juu ya ukucha bado, kikishika kiko tayari. Kikigusa nyama kilioshwa kwa majivu, kikakaushwa, kikapakwa mafuta ya mbuzi. Hakukirudisha kwenye ala kikiwa na unyevu hata siku moja. Majirani waliokuwa na mbuzi wa kuchinja walimwita yeye agawe nyama, kwa sababu alipita kwenye viungo bila kuvunja mfupa, na kila mwenye haki yake aliondoka na kipande kisicho na vipande vya mfupa ndani.

Halafu macho yakaanza kwenda. Alidhani ni moshi, halafu akadhani ni uzee. Alipokubali kwenda hospitali, daktari alimwambia ni presha ya macho na kwamba amechelewa. Mwaka ule nilikuwa nashona nguo sokoni Kanyangi, na nilimwona akija akifuata ua kwa mkono. Baada ya hapo hakuja tena.

Upofu haukumnyima kazi mara moja. Mkonge alikwangua vizuri kama zamani, kwa kuwa hilo mikono yake ililijua. Taabu ilikuwa ni ule mwiko wake. Akikiweka kisu chini kikasogezwa na kuku, au akimwomba mtu naye akamwekea chini, ilibidi apapase. Alipapasa kwenye mavumbi, kwenye maganda, kwenye miguu ya kigoda, na mara nyingi kidole kilikutana na makali kabla ya mpini. Ukijaribu kumpa mkononi aliurudisha mkono wake nyuma.

Baada ya baba kujikata vibaya kwenye kiganja, mama alikificha kisu. Baba alikiulizia asubuhi yake.

"Kisu yangu iko wapi?"

"Iko," mama akasema.

"Iko wapi?"

"Nimeiweka."

Baba akatoka nje. Aliketi chini ya upenu wa ghala, mikono juu ya magoti, tangu chai hadi chakula cha jioni. Ala aliendelea kuivaa, tupu, na mara kwa mara mkono ulienda nyuma ya nyonga kuigusa. Aliacha kusimulia. Aliacha hata kunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

Nilimkabili mama jikoni. Nilimwambia anamzika mtu angali hai. Mama hakuacha kusonga ugali.

"Nikimwekea chini, atajikata," alisema. "Nikimpa kwa mkono, tukosane sasa, tukiwa wazee? Nani atamwongoza choo, wewe? Wewe unaolewa."

Nilikuwa naolewa kweli.

Siku ya ntheo, watu wa upande wa mume wangu walipoleta mbuzi ambao kwetu ndio husema kwamba binti sasa ana wenyewe, baba alitoka nje akiwa na koti lake la kanisani. Baba mdogo, ndugu yake, alikuwa tayari amevua viatu na kisu chake mkononi. Kila mtu alidhani ndiye atakayegawa nyama. Vijana walimchinja mmoja na kumchuna, nyama ikatandazwa juu ya majani mabichi, na baba akaongozwa mpaka kigodani.

"Hii mbuzi ya mtoto wangu nitagawa mimi," alisema. "Leteni kisu yangu."

Wageni walitazamana. Baba mdogo alitabasamu vile watu hutabasamu mbele ya mgonjwa. Mama aliingia ndani akakaa kidogo, akatoka na kisu kimefungwa kitambaa. Alipokifungua niliona kinang'aa kwa mafuta. Muda wote ule alikuwa akikinoa kisirisiri na kukikausha, na hakumwambia mtu yeyote. Nilijisikia mdogo sana.

Akakiweka chini, juu ya majani, karibu na mguu wa baba.

Mkono wa baba ulishuka. Ukagusa jani, ukagusa kwato, ukagusa mguu wa kigoda, ukarudi kwenye jani. Mkono ule, ambao nilikuwa nimeuona ukifanya kila kitu, ulikuwa unatambaa mbele ya wakwe zangu ukitafuta kitu kilichokuwa hapo hapo. Baba mdogo akainuka nusu.

Baba akaurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali.

"Mwaitu," akaita.

Nikaja. Wengine walidhani anamwita mama.

"Okota."

Nikaokota. Akafungua kiganja, kile chenye kovu, akakinyoosha mbele yangu.

"Weka hapa."

"Nau," nikasema, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyomwita baba, "tutakosana."

"Wewe unaenda kwako leo kesho. Tukosane saa ngapi?" Kisha akashusha sauti, hata nadhani ni mimi tu niliyesikia. "Nipe, mwaitu. Ile siku nilichukua vibaya. Leo nipe, niage."

Nikamwekea mpini kiganjani. Vidole vyake vikafunga, na vyangu vilikuwa bado pale. Hakuviondoa. Tulikaa hivyo muda mfupi, mimi na yeye, na sikujua kama amenishika mimi au anamshika yule mwingine ambaye sikumjua, niliyebeba jina lake. Halafu akaniachia.

Aligawa mbuzi yule polepole. Kidole cha kushoto kilitangulia kutafuta kiungo, kisu kikafuata. Mara moja alipotea, akatulia, akarudi nyuma, akapata njia. Hakuna mfupa uliovunjika. Baba mdogo aliketi tena, na baadaye nilimwona akivaa viatu vyake.

Kesho yake asubuhi nilitoka mtoni na mtungi, nikasimama nyuma ya ghala kupumzisha mgongo. Baba alikuwa ameketi mahali pake, rundo la mkonge likiwa mbele yake. Mama alitoka jikoni na kisu. Aliinama kama kawaida ili akiweke chini, akakaa ameinama vile, halafu akainuka. Akageuza uso upande mwingine, kama mtu anayechomwa sindano, akanyoosha mkono, akamwekea mpini kiganjani.

"Haya," akasema. "Tukikosana, ni wewe umetaka."

"Sogeza hiyo mkonge," baba akamjibu. "Umeiweka mbali."

Nilikaa nyuma ya ghala mpaka nilipomaliza kulia, kisha nikaingiza maji ndani.