Ojiambo Alivyomkata Wandera

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ningali na nywele kichwani, nikipiga besi katika bendi ya Mzee Ekisa hapa Malaba. Ilikuwa Jumapili mchana, na tuliwapigia madereva wa malori waliokwama mpakani. Mwimbaji wetu alikuwa Ojiambo wa Namboboto, sauti tamu, kichwa kigumu. Gitaa alipiga Wandera wa Rukala, mtu wa maneno machache. Desturi yetu ilikuwa moja: Ojiambo akimaliza beti zake ananyamaza, na Wandera anaachiwa uwanja mpaka vumbi lipande. Wimbo ulikuwa pale hasa. Beti zilikuwa za kukaribisha tu.

Siku hiyo kulikuwa na wasichana fulani kutoka ng'ambo ya Uganda wakimtazama Ojiambo, basi akataka neno la mwisho liwe lake. Akamaliza kuimba, akatupa ishara tufunge. Tukafunga. Madereva wakabaki wamesimama hawajui waketi au wacheze.

Mzee Ekisa hakupaza sauti. Alimwita Ojiambo, akamwambia mbele yetu sote, "Wewe umenawisha watu mikono, halafu umeondoa ugali. Hiyo ni tabia gani? Rudia wimbo, na huyu mwenzako umpe nafasi yake." Tukarudia. Nilidhani somo limeingia.

Halikuingia. Majuzi Ojiambo, ambaye sasa ni mzee wa fimbo kama mimi, ametoa mkusanyiko wa nyimbo zake bora, akauzindua katika ukumbi mmoja pale Busia. Mimi nikaalikwa niseme neno, kwa kuwa kati ya wapigaji wa zamani nimebaki peke yangu. Wandera alishatutoka. Mjane wake, Mama Nekesa, alikuja kutoka Rukala akaketi kando yangu. Kanda za mumewe zote zilichukuliwa na mafuriko ya mto Nzoia, na tangu hapo hajasikia tena mkono wake kwenye gitaa. Alikuja kwa ajili hiyo tu, wala hakuficha. Aliniambia hata chai hakunywa, asije akachelewa.

Wimbo wa kwanza ukawekwa. Sauti ya Ojiambo ya ujana, vijana wa studio wameisafisha inang'aa. Nilifurahi, sikufichi. Beti zikaisha, Mama Nekesa akainamisha kichwa asikilize vizuri, na wimbo ukakatika. Nikadhani mashine imeharibika. Wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Gitaa likianza tu, kwisha. Na watu wanapiga makofi! Mheshimiwa mmoja akasema hii ni hazina ya kaunti. Mzee wa kanisa akamshukuru Mungu kwa kipaji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hiyo tulikunywa maji matupu tukijilamba midomo.

Mama Nekesa akaniuliza polepole, "Shemeji, Wandera anaingia wapi?"

Zamu yangu ilipofika nikashika kipaza sauti nikasema, "Ojiambo, mkusanyiko huu ni mbaya." Mshereheshaji akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. Nikamwambia akae chini.

"Ndugu yangu, nyakati zimebadilika," Ojiambo akajitetea. "Hawa vijana wa studio wameniambia watu hawana subira. Wimbo ukiwa mrefu, wanaruka."

"Hao vijana hawamjui Wandera. Wewe ulikula naye. Mjane wake ni huyu hapa, mwambie yeye kwamba watu hawana subira."

Mama Nekesa akasimama. Nilidhani atalia au atatoka. Badala yake akaanza kulipiga lile gitaa kwa mdomo, jinsi alivyomsikia mumewe akifanya mazoezi jikoni yeye akisonga ugali. Alikosea mahali, akarudi nyuma, akashika tena. Hakuna aliyecheka. Alipochoka aliketi, akajifuta uso kwa leso.

Ojiambo akamsogelea. "Shemeji, nisamehe. Zile kanda nzima ninazo. Ziko kwa katoni, chini ya kitanda."

Chini ya kitanda! Kumbe miaka yote, mwanangu. Nilitaka kumcharaza kwa fimbo yake mwenyewe. Tulimpeleka Mama Nekesa nyumbani kwa Ojiambo, Namboboto, siku ileile, kanda ikawekwa, beti zikaisha, na Wandera akaingia. Mama Nekesa alishika mkono wa kiti, akasema, "Ndiye huyo." Ojiambo alitoka nje. Mkusanyiko wenyewe, nakuambia kwa uchungu, bado unauzwa vilevile, umekatwa. Anasema atatoa mwingine. Nangoja.

Sasa nisikilize. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na walioviunda si yule tu ambaye picha yake iko juu ya jalada. Siku ukiulizwa kazi ya mtu ni nzuri au mbaya, usihesabu makofi wala usitazame mvi zake. Uliza nani ameachwa nje, na nani ameketi pale akimngoja. Mzee akikosea mwambie, kwa heshima, ila mwambie. Ukimpigia makofi kwa huruma umeshamzika akiwa hai. Na wewe ukifika mahali pa kusimulia maisha yako mwenyewe, usinisimulie beti zako tu.

Mungu akupe wenzako wa kazi wasiochoka nawe. Akupe sikio la kungoja wimbo uishe. Na siku utakapokuwa hupo, waliokupenda wasitafute jina lako wakalikosa. Nenda, mwanangu, nimekubariki.