Chapati Zangu na Figo ya Dadangu

Admin, naomba unifichie jina kabisa. Watu wa mtaa wetu wanafuata hii page na wengine ni wateja wangu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nimeolewa, nina watoto watatu na tunaishi hapa Eldoret, upande wa Kapsoya. Niko na kahoteli kadogo karibu na stage ya matatu. Napika chapati, ndengu, maharagwe na chai. Hiyo hoteli ndiyo inatulisha, maana mzee wangu ni wa mjengo, leo kazi iko, kesho haiko.

Niko na dada mmoja tu, ananifuata. Nitamwita Njeri, lakini si jina lake. Figo zake zote mbili ziliharibika, sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Akitoka huko anakuja kwangu analala kwa sofa, uso umefura. Familia yote tulipimwa. Kaka yetu alipatikana na presha, mama naye amezeeka. Ni mimi pekee vipimo vyangu viliingiana na vyake. Siku tuliyoambiwa tulishikana tukalia pale kwa korido ya hospitali mpaka watu wakadhani tumefiwa, kumbe ni furaha.

Shida ni uzito wangu. Daktari aliniambia, "Mama, figo zako ni nzuri, lakini kwa huu mwili siwezi kukupasua. Punguza kwanza, halafu uje tuanze mipango." Nikamwambia hiyo ni kitu kidogo sana. Nani anaweza kushindwa kuacha chakula ili dadake aishi?

Jamani, nimeshindwa.

Na msiniambie ni njaa. Asubuhi nakula vile mtaalamu wa lishe alinifundisha, yai la kuchemsha na sukuma, na nashiba. Naingia hotelini nikiwa nimeshiba. Lakini chapati ya kwanza ikishavimba kwenye kikaango, ile harufu ikipanda, mate yananijaa mdomoni kama mtu hajala tangu jana. Narusha macho kando. Mteja anaitisha, "Mama, leta mbili na ndengu, weka supu mingi," na mimi nikipakua mkono unamega ukingo, unatia mdomoni. Hata sikai chini kula. Ni kipande hapa, kipande pale, nikikuja kushtuka nimemaliza chapati nzima na nyingine, na sikumbuki hata utamu wake.

Nimejaribu, Mungu ni shahidi. Nilifunga mdomo na leso, wateja wakauliza kama naumwa. Nikatafuna chingamu mpaka taya ikauma. Nikaajiri msichana akae jikoni, mimi nibaki kuhudumia meza, lakini harufu haina mlango, inanifuata huko huko. Jioni nikishika simu nipumzike, naletewa video za watu wakikaanga kuku, nasimama naenda kufungua sufuria.

Kitu kilichoniumiza zaidi ni kwamba naweza. Nilifunga hoteli nikaenda kukaa kwa mama kijijini, huko Ziwa. Huko ni mahindi shambani na ng'ombe, hakuna mtu anakaanga kitu mbele yangu. Nilikula kidogo na sikuteseka hata. Nguo zikaanza kulegea. Njeri alinipigia simu akicheka, nilikuwa nimesahau kicheko chake. Lakini nyumbani unga uliisha, kodi ikafika, mzee akaniambia nirudi. Nilirudi nikiwa na nguvu. Nilipowasha jiko tu, mkono ukarudia kazi yake. Nilipoenda kupimwa tena daktari aliangalia ile mizani akaniangalia mimi. "Mama, ulikuwa unaenda vizuri. Nini imetokea?"

Mama yangu aliposikia aliniuliza, "Yaani chapati ni tamu kuliko damu yako?" Mzee wangu anasema ni kinywa tu, nifunge. Wanadhani sijali.

Wiki iliyopita Njeri alikuja hotelini bila kuniambia. Nilikuwa nimeipa meza mgongo, mashavu yamejaa. Nilipogeuka nikamkuta amesimama ananitazama. Nilishindwa kutafuna, nikashindwa kutema. Akaketi polepole, hakunipigia kelele. Mbele yake kulikuwa na jagi ya maji ya wateja. Akaniambia, "Mimi nimepimiwa maji ya kunywa kwa siku. Nikiona hii jagi, koo inanichoma. Naangalia kando. Kila siku naangalia kando." Kisha akasema, "Dadangu, kama huwezi, niambie tu. Nisiendelee kungoja."

Nilimwambia naweza. Akanipangusa mafuta kwa shavu na kitambaa chake, akaenda zake. Tangu hiyo siku akinipigia tunaongea tu juu ya watoto. Hataji operesheni tena. Na mwili wake unaendelea kuisha, naona.

Sasa nimekwama. Nikifunga hoteli, watoto watakula nini, na nauli ya Njeri ya hospitali itatoka wapi, kwa sababu ni mimi namtumia? Nikiendelea kupika, nitaendelea kula. Nimefikiria kuuza nguo za mitumba, lakini sijui hiyo biashara na muda haupo.

Kuna mtu hapa anapikia watu kutwa nzima na ameweza kujizuia? Aniambie alifanyaje. Ama nifunge hoteli tu, tulale njaa wote mpaka nipasuliwe? Wale wa kunitusi, nimeshajitukana yote mnayoweza kuandika. Nipeni njia tu, wapendwa. Ninataka dadangu aishi.