Ubao wa Mnyonyaji na Mrija Wake

Juzi nilishuka Makambako kubadilisha gari, nikaingia kunywa chai kwenye mgahawa wa jirani na stendi. Ukutani wamebandika bango la plastiki lililochapwa kwa mashine, chipsi na kuku vinang'aa. Nikamuuliza mhudumu, zile mbao zenye michoro za hapa zamani ziko wapi? Akanitazama kama namuuliza habari za enzi za Wajerumani. "Mbao zipi, mama?" Chai ikanishinda. Ngoja nikusimulie wewe, maana nimekaa na jambo hili mpaka limeota mizizi.

Tulikuwa Njombe, mimi na binti wa jirani, wote darasa la sita. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu aliishi fundi wa kuchora mabango. Fundi alikuwa na boksi la magazeti makuukuu yenye katuni za siasa: mkoloni mwenye kitambi amebebwa kwenye machela na watu wanne, kupe aliyefunga tai, na ile iliyopendwa kuliko zote, mnyonyaji mnene aliyemchomeka mkulima mrija mgongoni, anamfyonza. Zilichorwa wazazi wetu wakiwa vijana. Fundi alizinakili kwa mkono kwenye mbao, akawauzia wenye migahawa na vilabu vya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Watu walizigombania, kwa sababu kila mtu alimwona humo mtu anayemjua.

Jumamosi, tukishachimba viazi, tulikwenda kwake kujifunza. Baridi ya Juni ilitufisha vidole, tukavipasha kwa viazi vya bibi vilivyotoka majivuni. Fundi alipiga miraba kwenye gazeti kwa penseli, kisha kwenye ubao kwa uzi uliopakwa mkaa: unauvuta, unauachia, pa! mstari umetoka. Halafu unahamisha picha mraba kwa mraba. "Nakili kwanza, akili baadaye," alisema kila siku, na mimi nikaishika kauli hiyo kama amri ya kumi na moja. Nilikuwa hodari, nakwambia. Pua ikigusa mraba wa tatu gazetini, yangu ilikuwa hapohapo.

Binti wa jirani miraba yake ilipinda kama njia ya mbuzi.

Siku moja mwenye mgahawa wa Makambako akaagiza ubao wa mnyonyaji. Fundi akasema tuchore wote wawili, utakaoshinda uende, na jina la mchoraji liandikwe pembeni. Jina langu lisomwe na abiria wa Songea, wa Mbeya, wa Dar! Sikula vizuri wiki ile.

Nikamaliza wangu. Fundi akaupitishia jicho. "Safi. Hauna kosa." Basi, ni hilo tu.

Akageukia wa mwenzangu. Mrija wa gazetini ulikuwa umefifia, na yule mtoto, aliyekulia kwenye mianzi ya ulanzi, akadhani ni mwanzi. Akauchora na vifundo vyake! Mkulima akamvika sweta lililofumuka kiwiko. Mnyonyaji akamfumbisha jicho moja, kama mtu anayeonja ulanzi kujua umekolea au bado. Fundi alicheka mpaka akashika nguzo. "Huyu anakunywa kweli!" Akamwita bibi, na bibi yangu mwenyewe, bibi mzaa mama, akapiga makofi: "Loo! Si ni yule bwana wa mizani anayetupunja pareto!" Ubao wangu hakuuangalia.

Niliona wivu. Mimi nilitii, yeye amekosea, halafu anasifiwa yeye!

Jumapili nikasema tumbo linaniuma. Wote wakaenda kanisani. Ubao wake ulikuwa barazani kwa fundi, rangi bado mbichi. Kwaya ikianza wimbo wa pili nilikuwa nimeshika kitambaa chenye mafuta ya taa. Nilianza na lile jicho.

Fundi aliporudi akadhani binti kauacha nje, ukungu umeuharibu. "Rangi ya mafuta na ukungu wa Juni! Huna akili?" Alimfokea mbele yangu, nami nikawa naangalia kucha zangu. Binti akaosha brashi, akaiweka kwenye kopo, akasema, "Haya, fundi." Hakurudi tena. Ubao wangu ukaenda Makambako na jina langu pembeni.

Sasa juzi, baada ya chai ile, nikaenda sokoni. Yule binti wa jirani yupo pale siku hizi, anauza viazi.

"Kamwene."

"Kamwene, mwalimu! Mbona umekonda hivyo?"

Sikuzunguka. Nikamwambia, ni mimi niliyefuta ubao wako. Akaendelea kujaza debe.

"Nilijua. Ulinuka mafuta ya taa mpaka Jumatano."

"Mbona hukusema?"

"Bibi yako angekuchapa, halafu ningekuonea huruma bure." Akacheka. "Mambo ya utoto hayo, mwenzangu. Mimi hata sikumbuki nilichora nini. Utachukua debe au nusu?"

Nikachukua debe, nikapanda nalo, gari zima likanicheka. Na sikufichi, nilimwonea wivu hata kwa kusahau kule. Mimi miaka yote hii nakumbuka kila kifundo.

Fundi amefariki. Magazeti yake yaliwashiwa moto wa msiba wake, na mbao nasikia zilizibiwa mabanda ya kuku. Wenye migahawa siku hizi wanachapisha kwa mashine, dakika kumi tayari. Mkono wangu bado mwepesi. Nipe picha yoyote, nitakuhamishia bila kosa. Jana nimekaa mezani, nikapiga miraba kwenye karatasi, nikataka nimrudishie jicho lile moja tu, nimpelekee sokoni alione. Nimefuta, nimechora, nimefuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mimi nanakili tu, na nakala ya jicho lile haipo popote.