Bibi harusi hapandi tena trela ya Ndungu

Umande haujakauka Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, na Ndungu wa Kiragu anaizunguka trekta yake kuukuu. Anagonga tairi kwa kiatu. Anapangusa taa. Kisha anafunga kitambaa chekundu nyuma ya trela, anakivuta kuhakikisha kimekaza, na ndipo anapanda.

"Bila hii kitambaa siingii lami," anasema. "Shambani mimi ni mkubwa. Barabarani ni mgeni tu."

Leo anapeleka samadi kwa mteja wa Dagoretti. Magari yanampigia honi kana kwamba amelala katikati ya njia. Yeye hana habari.

Ndungu, anayekaribia miaka sitini, alijifunza kuendesha trekta katika mashamba ya kahawa ya Kitisuru. Mwenye shamba alipofungasha virago baada ya uhuru, alimuuzia trekta hiyo kwa mkopo uliomtoa jasho. Hulimia majirani kwa malipo ya msimu. Mvua zikichelewa, "hata sukari tunasahau."

Lakini ukitaka kuuona uso wake ukichanua, muulize habari za harusi.

Enzi hizo barabara ilikuwa vumbi jekundu na magari yalikuwa machache. Bibi harusi wa Mutuini alikwenda kanisani juu ya trela ya Ndungu, ameketi kwenye kiti cha sebuleni kilichofunikwa shuka jeupe. Trekta ilisimama kwenye kila lango, na mama wa boma lile akatoka na ua, akalichomeka kwenye kiti. Kufika kanisani, kiti kilikuwa bustani.

Mwaka 1965 alimbeba bintiye mkubwa, Nyokabi. Mdogo wake, Njambi, hata shule hajaanza, alishika pindo la shuka njia nzima. "Baba, na mimi utanibeba?" aliuliza. Ndungu akaapa kwamba atambeba.

Sasa ni 1978, na Njambi anaolewa Jumamosi ijayo.

Mwaka jana, trela ya mkulima mmoja wa mbali ilipinduka ikiwa imejaa watu. Bima ilikataa kulipa. Mkulima aliuza shamba ili kuwatibu majeruhi. Ndungu aliposikia, alivaa koti na kwenda mjini kumwona Mohdhar, karani mzaliwa wa Lamu anayemkatia bima.

"Mzee wangu, karatasi hii yasema trekta ni ya shamba," Mohdhar alimwambia. "Mazao yako, mbolea yako, vyombo vya nyumba yako, pakia. Watu hawamo."

"Lakini huyu si abiria. Ni msichana yangu!"

Mohdhar alivua miwani. "Ndiyo maana nakukataza, mzee. Mungu apishe mbali, akianguka, utamtibu kwa pesa gani? Na polisi nao watakungoja."

Ndungu anakiri kwamba alishuka ngazi za ofisi ile akilia. "Mimi, mzee mzima! Watu ya mjini wananiangalia."

Nyumbani mambo yaliharibika. Njambi alimnunia kwa siku kadhaa. "Nyokabi ulimbeba. Mimi niende na gari ya kukodi, kama mtu hana baba?"

Aliyeokoa jahazi ni mkewe Ndungu, Wahu, ambaye hata kazi ya kumenya viazi hakuiacha. "Si karani amesema vyombo ni sawa?" aliuliza. "Kiti si chombo? Panda na kiti yako. Msichana ako na miguu."

Basi mambo ndiyo hayo. Jumamosi kiti kitapanda trela peke yake, kimefungwa kwa kamba, na shuka lake jeupe. Njambi atatembea mbele na wanawake wakiimba. Watasimama kwenye kila lango, na maua yatachomekwa palepale pa zamani. Kanisani kiti kitateremshwa, na Njambi atakikalia.

Ndungu ameshajaribu gia ya chini kabisa, isije trekta ikawakanyaga waimbaji. Na honi za magari nyuma? "Wapige tu. Harusi inataka kelele."

Halafu anapapasa usukani uliolainishwa na mikono yake mwenyewe.

"Unajua, Nyokabi nilimbeba, lakini sikumuona," anasema. "Alikuwa nyuma, na macho yangu iko kwa barabara. Huyu ataenda mbele yangu. Nitamuona mpaka mlango ya kanisa."