Upande Ambao Dereva Hakuuona

Miaka ile nilikuwa msaidizi katika kliniki ya macho ya hospitali moja kusini mwa Stockholm. Sikuwa daktari wala muuguzi. Niliwatia wagonjwa dawa ya matone, niliwashika mkono, niliwapeleka kwenye chumba chenye mashine nyeupe mfano wa bakuli kubwa. Mgonjwa huweka kidevu chake mle, hutazama mbele tu, na kila akiona nukta ya mwanga pembeni hubonyeza kitufe. Wapo waliokaa kimya kwa muda mrefu, kisha wakaniuliza kama mashine imewashwa. Mimi nyuma yao nilikuwa naziona nukta zikiwaka na kuzimika, zikiwaka na kuzimika. Hapo ndipo nilipojifunza kuuogopa ule ugonjwa wa presha ya macho kuliko magonjwa mengine yote ya pale. Hauumi, na anayeugua hajui anachokikosa.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Mume wangu ni wa Kigoma. Tulikutana Sweden, tukaoana, tukalea watoto wawili katika kitongoji cha Hallunda, naye akawa dereva wa basi la mji. Utotoni mwake, pale kwao palikuwa na ukumbi wa sinema uliokuwa ukionyesha filamu za Kihindi, na ndani ya filamu hizo aliyaona majumba ya wafalme yamesimama juu ya miamba, jangwa limeyazunguka. Hakuyasahau. Alipofikisha miaka hamsini watoto walituambia, kwa Kiswidi kama kawaida yao, kwamba sasa tusingoje tena. Binti yetu akatafuta safari kwenye mtandao: siku tisa kwa gari, pamoja na dereva, kutoka Jaipur, India, mpaka Jodhpur, Jaisalmer na Bikaner, halafu kurudi. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya wiki ya Pasaka.

Jumapili ya kabla ya kuondoka, mama mmoja wa kwaya yetu, mtu wa Uvira, alinivuta kando nje ya kanisa.

"Ijumaa Kuu munaenda kuangalia makaburi ya wafalme wa watu?"

"Si makaburi, mama. Ni majumba."

"Nyumba ya mfalme aliyekufa, sisi tunaiita nini?"

Nilicheka, lakini neno lake lilinifuata mpaka ndani ya ndege.

Dereva wetu alitupokea Jaipur. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwembamba, masharubu yake meupe yamechanwa vizuri, shati limepigwa pasi hata mikono. Aliunganisha viganja vyake akatusalimu, akamwita mume wangu "bwana" na mimi "mama". Walizungumza Kiingereza, yeye na mume wangu. Mimi nilishika kidogo na kingine nikatafsiriwa. Madereva wawili wakikutana hawakosi la kusema. Mpaka tunatoka mjini walikwisha kulinganisha breki, zamu, na abiria wakorofi.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili niliona kwamba mzee hageuzi macho. Akitaka kutazama kushoto aligeuza kichwa kizima, kama mtu mwenye shingo ngumu. Tulipokunywa chai kando ya barabara, mwenye kibanda aliiweka glasi upande wa mkono wake wa kushoto. Mzee akapeleka mkono kuchukua sukari, akaiangusha glasi. Alitazama chai ikichuruzika kwenye meza kwa mshangao, kama imemwagwa na mtu mwingine. Jioni, tukiingia kwenye lango la hoteli Jodhpur, kioo cha ubavuni kushoto kiliugusa ukuta kikajikunja. Yeye alishuka, akakirudisha, akasema lango hilo lilijengwa kwa ajili ya farasi.

"Ule mzee haoni," nilimwambia mume wangu.

"Amechoka. Ameendesha tangu asubuhi."

Asubuhi tulipanda kwenye ngome ya mji huo. Niseme ukweli, sijawahi kuona ukuta kama ule. Unatoka kwenye mwamba wenyewe, huwezi kujua mlima unaishia wapi na kazi ya binadamu inaanzia wapi. Njia inapanda kwa kona kali, na kiongozi wetu, mama mtu mzima aliyevaa miwani, alieleza kwamba kona ziliwekwa ili tembo wa adui wasipate nafasi ya kukimbia na kuvunja mlango. Milango yenyewe ilikuwa na miiba ya chuma, mirefu kama vidole, imewekwa kwenye kimo cha paji la uso wa tembo.

Kwenye lango la mwisho alitusimamisha. Ukutani palikuwa na alama za viganja, vimepakwa rangi nyekundu, vingi, vidogo. Alisema ni vya wajane wa wafalme. Mume akifa, walipita hapa wakaacha alama, wakaenda kuchomwa pamoja na maiti yake. Nilisogeza kiganja changu karibu, sikugusa. Kimoja kilikuwa kidogo kuliko cha binti yangu alipokuwa darasa la nne.

Mume wangu alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. "Kwenye filamu hawakutuonyesha hii," alisema.

Juu kulikuwa na vyumba vya vioo vya rangi, vitanda vya watoto wa wafalme, panga ukutani. Wageni walipiga picha. Mimi nilienda kwenye ukingo wa ukuta kupata hewa, nikatazama chini mahali magari yalipoegeshwa. Nililiona gari letu jeupe, nikamwona mzee wetu. Alikuwa anakwenda kunawa kwenye bomba. Aliteremka taratibu kando ya ukuta mfupi wa mawe, mkono wake wa kushoto ukipapasa mawe yale moja baada ya jingine, mchana kweupe.

Nilimwita mume wangu akaona mwenyewe. Tuliporudi hotelini alifunga mlango kwanza.

"Ukiwapigia simu wenye kampuni, kesho hana kazi," alisema. "Mimi najua dereva anavyoishi. Kila nikienda kupimwa afya, usiku wake silali. Mtu akikuambia macho, au moyo, basi umekwisha."

"Na akituua?"

"Nitakaa mbele, kushoto. Nitakuwa naangalia upande ule. Siku sita tu zimebaki, mama."

Nilikubali. Nalisema wazi kwa sababu baadaye nilijitahidi sana kusahau kwamba nilikubali.

Barabara ya kwenda Jaisalmer inanyooka hadi macho yanachoka. Mchanga, vichaka vya miiba, kambi za jeshi, maana mpaka wa nchi jirani hauko mbali. Mume wangu alikaa mbele akawa anasema: ng'ombe kushoto, baiskeli kushoto, mama mwenye kuni, kushoto. Mara mbili tatu za mwanzo mzee alicheka. Baadaye hakucheka tena. Nyuma ya gari, mimi nilikuwa nimeshika mpini wa mlango na mikono yote miwili.

Tulisimama kunywa chai. Nilimwomba mume wangu atafsiri, nikaketi mbele ya mzee, nikamwambia atazame pua yangu, asitazame pengine. Nikanyoosha mikono yangu pande zote mbili, nikachezesha vidole, nikavileta taratibu kuelekea katikati, kama nilivyokuwa nimewaona madaktari wakifanya mara elfu. Wa kulia kwake aliuona umekwisha kufika karibu na bega lake. Wa kushoto kwake ulifika karibu na uso wake, na bado alikuwa ananitazama pua kwa utii.

Nilipousogeza zaidi akashtuka. Akaelewa mara moja kile nilichokuwa nafanya.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Miaka miwili. Labda mitatu." Aliinamisha kichwa. "Mke wangu peke yake anajua. Mabinti wawili wameolewa, wa mwisho yuko chuoni. Bwana, mama, hii barabara naijua kama nyumba yangu. Miaka thelathini sijamgusa hata kuku."

Akaunganisha viganja vyake, si kwa salamu sasa. Sikuweza kumtazama. Upepo ulikuwa umeanza, na vumbi lilikuwa linaingia kwenye glasi za chai. Tukapanda tena garini, yeye akashika usukani.

Jaisalmer ni ngome ambayo watu bado wanaishi ndani yake, nguo zimeanikwa kwenye minara, watoto wa shule wanatoka kwenye milango ya mawe iliyochongwa kama lesi. Jioni jua linapoipiga inakuwa rangi ya asali. Lakini kijana wa hoteli alituambia kwamba kilima kinakunywa maji ya mabomba na vyoo vya wakazi, na kwamba kuta zimekwisha kuporomoka mara kadhaa. Alituonyesha ufa ulioingia mkono wangu wote. "Tunasubiri mvua tuone," alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea. Nililala nguo mwilini.

Kesho yake tukashika njia ya Bikaner. Upepo ulikuwa umeongezeka, mbingu ikawa ya kahawia, na ukingo wa pili wa barabara haukuonekana. Mume wangu alikuwa akiangalia kushoto bila kupepesa. Saa mbili nzima aliangalia. Kisha chupa ya maji ikaanguka miguuni mwake, akainama kuiokota.

Mkokoteni wa ngamia ulikuwa unatoka kwenye njia ya vumbi, umebeba majani ya mifugo. Niliuona mimi. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, lugha ambayo mzee hakuijua.

Tuligonga gurudumu la nyuma. Mkokoteni ulipinduka, majani yakatupwa hewani yakachukuliwa na upepo. Ngamia alibaki amesimama na kipande cha mti shingoni, anatafuna. Mwanamume mwenye mkokoteni alilala kando ya barabara, mkono wake umepinda mahali ambapo hakuna kiungo. Nilifunga ule mkono kwa kanga yangu na ubao. Hakulia. Alikuwa anatetemeka na kusema neno lile lile moja, ambalo mpaka leo sijui maana yake.

Polisi alifika na pikipiki. Mzee wetu alimweleza kwa muda mrefu, akionyesha njia ya vumbi, akionyesha mchanga hewani. Sikuhitaji mkalimani. Mkokoteni ulitokea ghafla, hakutoa ishara, upepo. Polisi aliandika. Kisha akamgeukia yule mtu aliyelala chini akaanza kumfokea.

"Wanasema kosa ni la huyu wa ngamia," mume wangu alininong'oneza.

"Mwambie ukweli yule polisi."

"Mama."

"Mwambie, au nitasema mwenyewe."

Aligeuza uso akamtazama ngamia. Basi nikasema mimi, kwa Kiingereza changu kilichovunjika, nikigusa jicho langu la kushoto na kumwelekezea dereva kidole: huyu haoni upande huu, mimi nafanya kazi hospitali ya macho, nilijua tangu jana. Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ya kunishtaki mimi, na nilitaka yaandikwe.

Polisi alinitazama. Akaenda akasimama mbele ya mzee, akainua fimbo yake kimya kimya upande wa kushoto, karibu na sikio. Mzee hakusogea. Aliendelea kumtazama polisi machoni, akingoja swali. Watu waliokuwa wamekusanyika walinyamaza. Kutokana na kimya chao ndipo mzee alipojua. Aligeuza kichwa kizima, akaiona fimbo, kisha akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira usoni. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo.

Gari la polisi lilimchukua mzee wetu, na jingine likampeleka mwenye ngamia hospitali. Kampuni ilituletea dereva kijana aliyekimbiza gari kama anafukuzwa. Kule Bikaner tulipitishwa kwenye kumbi za dhahabu na rangi nyekundu, na sikumbuki chochote isipokuwa mgongo wa mume wangu ukitangulia mbele yangu, chumba baada ya chumba. Hatukuzungumza mpaka Stockholm. Hata ndani ya ndege aliomba chakula changu kwa kunionyesha kwa kidole.

Nyumbani nilimwuliza daktari mmoja wa pale kazini, mtu niliyemwamini. Alisema macho yaliyopotea hivyo hayarudi, lakini yaliyobaki yanaweza kuokolewa kwa matone ya kila siku, kama mtu atawahi. Nikamwandikia yule mzee barua kwa anwani ya kampuni. Niliandika jina la ugonjwa, nikaandika aende hospitali ya macho bila kuchelewa, na kwamba mabinti zake nao wapimwe, maana ugonjwa huu hupita katika damu. Niliuliza pia habari za mwenye ngamia. Sikuomba msamaha, kwa sababu sikujua niombe kwa lipi: kwa kusema, au kwa kuchelewa kusema.

Jibu lilikuja mwisho wa kiangazi, limeandikwa na binti yake wa mwisho. Mtoto wangu alinisomea. Baba yake alikuwa amepata matibabu Jodhpur, na jicho la kulia lilikuwa limetulia. Mwezi wa kwanza alikaa ndani hakutaka kuonana na mtu, hasa madereva wenzake. Dada mkubwa alikuwa amepimwa naye, akakutwa na mwanzo wa ugonjwa huo huo. Sasa anatumia dawa. Kuhusu mwenye ngamia, walisikia alirudi kijijini kwake, zaidi ya hapo hawakujua. "Baba hajaniambia nikushukuru," aliandika, "na mimi sikumlazimisha. Barua hii ni yangu."

Nilimpa mume wangu aisome. Aliisoma amesimama jikoni, akaikunja, akanirudishia. "Dada yake amepona?" aliuliza.

"Ameshikwa mapema."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa koti la kazi, akaenda zamu yake.

Picha ya ngome ya Jodhpur aliitundika sebuleni, kubwa, yenye fremu. Wageni wakija kutoka vitongoji vya Spånga au Flemingsberg huisifu, naye huwaeleza habari za tembo na kona na miiba ya chuma, mpaka chai inapoa. Kuhusu mkokoteni hasemi. Siku moja mgeni aliuliza kama dereva wetu alikuwa mzuri. Nilikuwa nimeshika birika, nikangoja.

"Alikuwa anazijua njia zote," mume wangu alimjibu.

Nikammiminia mgeni chai.