Madam Birago na Hesabu ya Yadi Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi, Akosua Birago ameshainamia meza ya kukatia ndani ya kibanda chake cha mabati mtaani Tafo, Kumasi. Kesho Jumamosi kuna mazishi, na nguo saba za msiba, nyeusi na nyekundu, bado hazijashonwa. Anachora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, kisha mkasi unapita.

"Madam, yule mama amenenepa tangu Pasaka," mwanagenzi wake, Serwaa, anamchokoza.

"Nimemwona. Nimemwongezea inchi mbili. Akiuliza, mwambie ndio mtindo."

Birago ana miaka arobaini na tisa. Aliacha shule darasa la tatu, baba yake alipofariki. Mwezi mzuri anabaki na sedi 1,500 baada ya kulipia kodi na uzi. Lakini macho yameanza kugoma. Siku hizi Serwaa ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano.

"Mshonaji akiishiwa macho anakula nini?" Birago ananiuliza mimi, mgeni wake wa asubuhi hiyo.

Ndiyo maana chuo cha ufundi cha jirani kilipotangaza kazi ya kufundisha ushonaji, mshahara sedi 3,000, aliomba siku hiyohiyo. Waombaji waliulizwa kwanza elimu na kipato, kisha wakapimwa kusoma na hesabu. Msimamizi, kijana mpole aitwaye Ofosu, akamuuliza amesoma miaka mingapi.

"Kumi."

"Maame, si umesema darasa la tatu?"

"Na saba kwa Madam Pokuaa, aliyenifundisha kazi. Au unadhani nilikuwa namchotea maji tu?"

"Fomu inataka ya darasani, Maame."

"Na hilo shati lako lilishonwa na darasa?"

Ofosu alicheka, akaandika tatu.

Ikaja hesabu. Gauni moja linatumia yadi tatu. Je, yadi kumi na mbili zitatoa magauni mangapi? Birago akajibu matatu. Akakosa, na kwa alama hiyo moja hakufikia kiwango.

Nilipomuuliza kwa nini matatu, alinitazama kana kwamba sijawahi kuvaa nguo. Akatandaza kitenge chenye picha za kuku.

"Kuku ana kichwa na miguu; kumsimamisha wima kwenye kila kipande kunakula kitambaa. Ukibanabana vipande ili yatoke manne, gauni moja litakuwa na kuku miguu juu. Nani atakulipa?"

"Madam kafelishwa na kuku!" Serwaa akaangua kicheko.

Birago naye alicheka. Mimi iliniuma. Kwenye ile karatasi, ujuzi wa miaka thelathini ulihesabiwa kuwa kosa.

Hata hivyo hakuna aliyefaulu, na mtihani utarudiwa mwezi ujao. Kila Jumanne na Alhamisi Birago anakwenda kanisani kwenye darasa la watu wazima, kunoa kusoma kwake.

"Safari hii nitaandika manne, wanipe alama yao," anasema, akifuta chaki mikononi. "Nikishapata kazi, siku ya kwanza nawafundisha wasichana kwamba ni matatu."