Mama Alipofika kwa Nabii Ibrahimu

Mwaka jana nilirudi Busia, upande wa Uganda, kumuuguza mama. Nilikuwa nimezurura sana, Eldoret, Mwanza, Juba, na kote huko niliikumbuka nyumba ile. Sasa nilikuwa ndani yake na nilitamani kukimbia. Daktari wa Tororo alitwambia moyo wake umechoka. Tumpe dawa, tumwache apumzike.

Ulikuwa mwezi wa Rajabu. Tangu utoto wetu, mwezi huo mama hutusimulia Miraji, safari ya Mtume kupanda mbingu saba, mbingu moja kila alasiri, wala hakubali kuruka hata moja. Safari hii msikilizaji nilikuwa mimi tu. Habari za Nabii Adamu alizisimulia kwa sauti nzuri. Alipofika kwa Nabii Idrisi ilibidi nisogeze sikio. Hapo ndipo hofu iliponiingia: akimaliza kupanda, atakwenda.

Nikaanza kumchelewesha. Niliuliza maswali ya kipumbavu. Siku moja nilijifanya nimefuata sukari upande wa Kenya, nikarudi jua limeinama. Nikamkuta ananisubiri.

"Leo ni Nabii Musa," akasema.

Jirani yetu, mama Mkristo wa kutoka Nabuyoga, alikuwa mlangoni akipoza uji wa mgonjwa. Kwa ajili yake mama akaitanguliza hadithi kidogo: jinsi sala zilivyokuwa hamsini, na Musa akawa anamrudisha Mtume kuomba zipunguzwe, mpaka zikabaki tano.

"Hamsini kwa siku!" jirani akapiga kelele. "Na shamba nani nalima?"

"Ndiyo maana Musa alimrudisha."

"Basi Musa yenu iko na huruma. Ya kwetu alikasirika akavunja mawe ya amri."

"Ni huyo huyo, dada. Siku ile walimchosha."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Nilimtazama jirani kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye anayempandisha.

Kesho yake nilimsihi mama anyamaze. "Pumzika. Tutamaliza ukipona."

"Unaogopa nini, mwanangu?"

"Naogopa utafika."

"Basi miaka yote ulikuwa unasikiliza nusu. Mtume alifika mahali ambapo hata malaika Jibrili hakuweza kupita. Nani angetaka kuondoka pale? Lakini alirudi, tena kwa watu waliokuwa wakimcheka. Akatuletea sala. Sisi hatuna Buraki wa kutubeba. Tunapanda kwa sala, na tukishatoa salamu tunarudi kwa watu wetu."

Akanisimulia Nabii Ibrahimu ameegemea Baitul-Maamur, nyumba ya malaika, polepole, bila kuruka neno. Adhana ya magharibi ikalia. Akaniambia nimswalishe.

Nilisimama mbele, yeye akabaki kitandani nyuma yangu, ameketi. Rakaa mbili za kwanza nilisoma kwa sauti, nikasikia "Amina" yake, nyembamba kama uzi. Rakaa ya tatu husomwa kimya. Sikusikia kitu. Wala pumzi. Anayeswalisha hageuki nyuma, na shingo yangu yote ilitaka kugeuka. Niliposujudu nilisikia malori yakinguruma kwenye foleni ya mpakani, na nyuma yangu hata kitanda hakikulia. Nikaharakisha. Nilisoma tahiyatu kama mtu anayekimbia mvua, nikatoa salamu kulia, nikatoa kushoto, nikageuka mwili mzima.

Macho yake yalikuwa yamefumba. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimeinuka juu ya shuka, na midomo ilikuwa ikicheza. Hakuwa amemaliza sala.

Sikuthubutu kumgusa. Nilikaa nikimtazama, nikingoja ashuke.

Mwishowe akageuza uso kulia, kisha kushoto, akafumbua macho.

"Unaswalisha kama mtu wa magendo aliyeona askari," akasema. "Umeniacha huko peke yangu."

Niliushika mkono wake. Hofu haikuondoka. Isha ilipoingia nilisimama tena mbele yake, na mara hii nikasujudu taratibu, nikimpa nafasi ya kwenda na kurudi.